Dirisha la Chembe cha Moyo

Kwa miezi mitatu Daktari Mdogo alikuwa akiota ndoto za kijivu. Akifumba macho tu, mawingu yanaanza kutembea, meupe, meusi, ya rangi ya majivu, yanavuta pumzi na kuitoa. Katikati yake kuna kitu kinapiga. Anakisogelea, anataka kukitaja jina, na jina linamponyoka kama sabuni mkononi. Akiamka anakuta vidole vya mkono wa kulia vimejikunja, kana kwamba bado vimeshika kichwa cha mashine yake ya kupimia.

Aliitwa Daktari Mdogo kwa sababu hospitali ile ilikuwa na madaktari wawili tu, na yule mwingine alikuwa mkubwa kwa umri, kwa cheo na kwa kiuno. Mashine ya altrasaundi ilipoletwa ndani ya mkoba wake, nyembamba kama daftari la mahudhurio, Daktari Mkubwa aliitazama mara moja akasema, "Mimi nimetibu watu miaka ishirini na saba kwa masikio na vidole. Chukua wewe, binti, mwenye macho mapya."

Akaichukua. Akaenda kwenye mafunzo ya wiki mbili kwa mwalimu mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyependa kufundisha taa zikiwa zimezimwa.

"Mashine hii haioni," mwalimu aliwaambia siku ya kwanza. "Inapiga kelele ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, kisha inangoja mwangwi. Sauti ikikuta mfupa inagonga na kurudi, utaona weupe na nyuma yake kivuli. Ikikuta maji inapita bila kugusa kitu, utaona weusi. Ikikuta hewa inatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, usitegemee chochote. Mkijua kwa nini kitu ni cheupe na kwa nini ni cheusi, mmeshajua nusu ya kazi."

Nusu ya pili ilikuwa madirisha. Mwili umejaa vizuizi, alisema mwalimu, mbavu huku na hewa kule, na sauti inahitaji upenyo. Upenyo huo aliuita dirisha. Moyo una madirisha yake machache: moja kando ya mfupa wa kifua, moja chini ya titi la kushoto, na moja pale chini kabisa, mbavu zinapoachana, kwenye chembe cha moyo. "Hilo la mwisho," alisema, "ndilo la mgonjwa anayehema, asiyeweza kulala kwa ubavu. Lipendeni."

Pia aliwaonya kuhusu viini macho, maana sauti hujikwaa, hurudi mara mbili, ikachora ini mahali pasipo na ini. "Usiamini kitu ulichokiona kwenye dirisha moja," alisema. "Zunguka nyumba."

Daktari Mdogo aliporudi kazini akawa anapima kila anayekaa kimya dakika mbili. Kwenye mfuko wa nyongo wa mpishi wa hospitali alikuta mawe matatu, kila moja na kivuli chake kirefu. Mlinzi wa getini alionyeshwa figo zake akauliza kama zinafanana na za mtu mwenye elimu. Mama Wadi, muuguzi mkuu aliyekuwa amekaa wadi ya wanaume muda mrefu kuliko vitanda vyenyewe, ndiye pekee aliyekataa.

"Ndani mwangu napajua, mwanangu," alisema. "Pamejaa maneno niliyomeza."

Siku nyingi Daktari Mdogo aliona mawingu tu. Wauguzi wakamtania kwamba anapiga picha za mvua. Naye alicheka nao, lakini jioni alikaa kitandani na daftari lake, akiandika maneno ya mwalimu upya, moja moja: mwangwi, kivuli, kina, dirisha, kuteleza kwa mapafu. Aliyaandika kama mtu anayejifunza majina ya wakwe.

Jumatano moja alasiri mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, ile ya taratibu isiyo na haraka na mtu. Daktari Mkubwa alikuwa ameondoka saa nne kwenda kwenye mkutano wa siku mbili mjini. Wadi ya wanaume ilikuwa na mwanga wa kijivu, madirisha yamefunikwa ukungu wa pumzi za watu, na sauti ya maji ilikuwa kila mahali, juu ya bati, kwenye mifereji, ndani ya ndoo iliyowekwa chini ya paa linalovuja.

Kitanda cha sita kilikuwa cha mchimba visima. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega kama mlango wa ghala, na watu walimwita Baba Pacha kwa sababu mkewe alizaa mapacha mara mbili mfululizo. Alikuwa ameletwa usiku uliopita akihema, miguu imevimba, baada ya wiki tatu za kikohozi na kukonda. Alfajiri Daktari Mkubwa alimsikiliza kifua, akaona mishipa ya shingo imejaa, akaandika kwamba moyo umechoka na maji yamejaa mwilini, achomwe sindano ya kukojoza kila baada ya saa nne. Mtu yeyote angeandika hivyo.

Lakini sindano mbili zilishaingia, na Baba Pacha hakupata nafuu. Daktari Mdogo alimkuta ameinama mbele, ameukumbatia mto, paji la uso limelowa jasho baridi. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo, baba. Unajionaje?"

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Najiona… kama mtu… aliyekaliwa… na mtu."

Mama Wadi akafika na trei, sindano ya tatu ikiwa tayari. "Presha imeshuka, daktari," alisema kwa sauti ya chini. "Themanini kwa hamsini. Asubuhi ilikuwa mia na kumi."

Daktari Mdogo akaweka stethoskopu kifuani. Alitegemea kusikia mapafu yaliyojaa maji, yenye mchakacho kama wa majani makavu. Akasikia pumzi safi, za haraka. Akahamia kwenye moyo, na moyo ukasikika kwa mbali sana, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu.

"Subiri kidogo na hiyo sindano, Mama Wadi."

"Imeandikwa saa nane. Hii ni saa nane."

"Dakika tano tu, mama yangu. Nipe nimtazame."

Akavuta pazia la kijani kuzunguka kitanda. Mle ndani mwanga ukapungua, na ghafla ilikuwa kama wako chini ya kitu, watu wanne na kioo kimoja kidogo cha mashine kinachong'aa. Akamwegemeza mgonjwa nyuma kidogo, akaminya jeli.

"Ni ya baridi, baba. Nisamehe."

"Baridi…" Baba Pacha alitabasamu macho yakiwa yamefumba. "Nimekaa chini ya ardhi… nusu ya maisha yangu. Unaniambia mimi… habari ya baridi? Hicho kidude… kinaonaje?"

"Hakioni. Kinatuma sauti, kinasikiliza ikirudi."

"Aa." Alilipokea kana kwamba lilikuwa jambo la kawaida kabisa. "Na penye maji?"

"Penye maji panakuwa peusi."

"Ndivyo," alisema Baba Pacha. "Ndivyo palivyo."

Akaweka kichwa cha mashine kwenye chembe cha moyo, akakilaza, akakisukuma taratibu kuelekea bega la kushoto. Kioo kikajaa kijivu. Likapita ini, pana na tulivu. Akaongeza kina, mashine isikilize mbali zaidi. Mawingu yakafunguka, na hapo akaona moyo.

Ulikuwa unapiga haraka, mdogo kuliko alivyotegemea. Na ulikuwa unayumba. Uliyumba kulia na kushoto kama kitu kilichofungwa kwa uzi ndani ya maji, kwa sababu pande zake zote, juu, chini, nyuma, kulikuwa na weusi. Weusi laini usio na hata doa. Kilikuwa kitu kizuri, na baadaye Daktari Mdogo alijionea haya kwamba hilo ndilo lilikuwa wazo lake la kwanza. Kilikuwa kizuri kama kitu kilichoonekana ndotoni, nacho kilikuwa kinamuua mtu.

Zunguka nyumba, alijiambia.

Weusi ule ungeweza kuwa maji ya kando ya pafu, ambayo hayana haraka hivyo. Akarekodi picha, akamtumia mwalimu wake kwa simu, halafu akahamia dirisha la kando ya mfupa wa kifua. Simu ikalia kabla hajapata picha. Akaiweka juu ya mto, sauti ikiwa wazi.

"Nimeona," alisema mwalimu bila salamu. "Uko kwenye dirisha gani sasa?"

"Kando ya mfupa wa kifua."

"Shuka nyuma ya moyo. Kuna duara, ule mshipa mkuu wa damu unaoshuka mgongoni. Umeupata?"

Akaegemeza kiwiko kitandani. Kijivu, kijivu, kisha duara jeusi dogo likatokea, limetulia kama jicho.

"Nimeupata."

"Maji ya pafu yangepita nyuma ya hilo duara. Maji ya mfuko wa moyo yanapita mbele yake, kati yake na moyo. Yako wapi?"

Alitazama. Hakukuwa na haja ya kutazama mara mbili, lakini alitazama mara tatu.

"Mbele," alisema. "Yako mbele, mwalimu."

"Na chumba cha upande wa kulia, moyo unapolegea ili ujae?"

"Kinabonyea ndani. Ukuta unazama kila pigo."

Mvua ilisikika pande zote mbili za simu mwalimu alipojibu. "Moyo haujachoka, mwanangu. Moyo umebanwa. Una nguvu zake, ila hauna nafasi ya kujaa. Ukimpa dawa ya kukojoza unaunyima hata kile kidogo unachopata. Mpe dripu, upesi. Kisha maji hayo yatoke. Nani yupo hapo wa kuyatoa?"

Daktari Mdogo alimtazama Mama Wadi. Mama Wadi alikuwa tayari ameweka trei chini na kuondoka. Walipomsikia tena, alikuwa anaburuta stendi ya dripu, mdomoni ameshika kipande cha plasta.

"Simu ya Daktari Mkubwa haipatikani," alisema akifunga mpira wa mkono. "Na dereva wa gari la wagonjwa anasema daraja limefunikwa na maji. Mpaka kesho." Akapata mshipa kwa mara ya kwanza, kama kawaida yake. "Umewahi kuifanya hii?"

"Mara tatu. Kwenye mafunzo. Kwenye puto la maji lililofichwa ndani ya nyama ya ng'ombe."

"Ng'ombe alipona?"

Daktari Mdogo alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa.

Akamgeukia mke wa Baba Pacha, akachuchumaa mbele yake ili macho yalingane. "Mama, kuna maji yamejaa kwenye mfuko unaofunika moyo wa baba. Yanaubana. Nataka kuingiza sindano hapa chini ya kifua niyatoe. Nitakuwa naiona sindano njia yote. Kuna hatari, naweza kugusa moyo wenyewe, au ini. Nisipofanya, sidhani kama atafika jioni."

Yule mama alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na macho ya mtu ambaye amesubiri sana juu ya mashimo, ameshika kamba, akingoja ivutwe mara mbili.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Ishirini na nane."

"Pacha wangu wa kwanza wana umri huo." Akamgusa mumewe begani. "Umesikia, Baba Pacha?"

"Nimesikia," alisema bila kufumbua macho. "Achimbe."

Ikaingia dawa ya ganzi. Mama Wadi akashika simu juu kama mshumaa ili mwalimu aone. Daktari Mdogo alishika kichwa cha mashine kwa mkono wa kushoto, sindano ndefu kwa mkono wa kulia, akaingia chini ya mbavu, taratibu, akivuta bomba la sindano kidogo kila hatua.

Mwanzoni kiooni hapakuwa na kitu. Kijivu kilichukua kila kitu. Kisha mstari mweupe ukazaliwa pembeni, mwembamba, unaong'aa, ukishuka kwenye mawingu kwa mwendo wa kitu ambacho hakina wasiwasi wowote. Ilikuwa sindano. Chini ya bati lile, nyuma ya pazia lile, Daktari Mdogo alisikia mvua, na pumzi za mgonjwa, na sauti yake mwenyewe ikihesabu bila yeye kujua kwamba anahesabu. Ncha ya ule mstari ikagusa ukingo wa weusi. Ukingo ukabonyea, ukakataa, ukabonyea tena. Ghafla ukaachia.

Bomba likajaa maji ya rangi ya chai kavu iliyokolea.

"Usivute kwanza," ilisema sauti ya mwalimu. "Hakikisha uko wapi."

Mama Wadi, simu bado mkononi, akampa bomba la maji ya chumvi aliyoyatikisa mpaka yakatoa mapovu. Daktari Mdogo akasukuma kidogo. Na kwenye ule weusi kukalipuka vumbi la mwanga, chembechembe nyeupe elfu zikizunguka taratibu kando ya moyo, nje yake, kamwe si ndani. Mke wa Baba Pacha, aliyekuwa ameinama, aliinua uso akaona, akasema kwa mnong'ono, "Yarabi."

"Nje ya moyo," alisema Daktari Mdogo. "Niko kwenye mfuko."

"Basi vuta."

Akavuta bomba la kwanza, la pili, la tatu. Lilipokuwa linajaa la nne, Baba Pacha alivuta pumzi ndefu moja, pumzi ya mtu aliyeinuka kutoka chini ya maji, na mabega yake yaliyokuwa yamepanda tangu jana yakashuka. Kiooni, ukuta wa chumba cha upande wa kulia ulikuwa umeacha kuzama. Ulisimama, ukatetemeka, ukaanza kufunguka na kujifunga kama ngumi isiyo na hasira.

"Mia moja kwa sitini," alisoma Mama Wadi. Akasoma tena kwa sauti kubwa zaidi, ili wagonjwa wa nje ya pazia wasikie. Wa kitanda cha tano akapiga makofi bila kujua anapigia nini.

Waliingiza mpira mwembamba, na mpaka jua linazama yalikuwa yametoka maji ya chupa nzima na zaidi. Daktari Mdogo alikwenda kunawa. Alifungua bomba, akaweka mikono chini ya maji, na hapo ndipo alipokaa sakafuni na mikono iliyolowa, akilia na kucheka. Mama Wadi alimkuta pale. Hakumwinua. Alikaa naye chini, na sketi yake nyeupe yote, akamwambia, "Nilitaka kukuchoma sindano wewe, uliponizuia mbele ya mgonjwa."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Usingenizuia, ningebaki nimeshika ile trei maisha yangu yote."

Ijumaa Daktari Mkubwa alirudi. Alisoma faili la kitanda cha sita amesimama, kisha akalisoma tena amekaa.

"Niliandika sindano ya kukojoza," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Alichomwa mara ngapi?"

"Mbili."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alikuwa mzee mwaminifu, na mambo ya namna hiyo yalimuingia mpaka kwenye mfupa. "Ungeniheshimu zaidi kidogo," alisema mwishowe, "tungekuwa tumemzika." Akainuka. "Hebu nionyeshe hilo dirisha."

Baba Pacha alikubali kupimwa tena kwa furaha ya mtu aliyepata wageni. Daktari Mkubwa alishika kichwa cha mashine juu chini, akapaka jeli kwenye mkono wa shati lake, akaona mawingu, akanung'unika. Daktari Mdogo aliuelekeza mkono wake kwa vidole viwili. Moyo ulipotokea, mzee yule alitulia. Miaka ishirini na saba alikuwa ameusikiliza kupitia ukuta.

"Kumbe," alisema tu.

Majibu ya maabara yakaja baadaye, kifua kikuu kilichokuwa kimejificha kwenye mfuko wa moyo. Baba Pacha akaanzishiwa dawa za miezi sita, akaambiwa asiguse sururu mpaka aruhusiwe, jambo ambalo lilimuumiza kuliko sindano. Siku ya kuruhusiwa alimweleza Daktari Mdogo alichokumbuka nyuma ya pazia.

"Nilikuwa chini kabisa, na maji yanapanda. Nimewahi kuwa na maji yanayopanda, daktari, na siku zote napiga kelele. Safari hii sikuogopa. Nilisema, acha yapande. Hilo ndilo linanitisha sasa, kwamba sikuogopa. Kulikuwa na mwanamke juu anahesabu. Nikasema, ngoja kwanza nisikie anafika ngapi."

"Nilifika ngapi?"

"Kumi na tisa. Halafu nikapata hewa."

Wiki ya sita walikuja kliniki yeye na mkewe. Alikuwa amenenepa mashavuni, na amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono ilisimama. Chumba cha vipimo kilikuwa na joto, pazia limefungwa, na mara tu alipolala juu ya ile shuka ya karatasi na mkono wa mtu ukatua kwenye chembe cha moyo, Baba Pacha akasinzia. Alikoroma kwa heshima, mdomo umefumba.

Weusi ulikuwa umekwisha. Ulibaki uzi mmoja tu nyuma ya moyo, mwembamba kama nywele, na moyo wenyewe ulikuwa umetulia mahali pake, hauyumbi, unajaa na kumwaga, unajaa na kumwaga. Daktari Mdogo alipima vyote alivyopaswa kupima, akaandika. Angeweza kuondoa mkono. Hakuondoa.

Mke wa Baba Pacha alisogeza kiti chake karibu, akatazama kioo, kichwa ameinamisha kidogo.

"Ndio huo?"

"Ndio huo, mama."

"Mbona mdogo?" Alifikiri. "Kwa kelele zake nyumbani, nilidhani ni kama sufuria ya harusi."

Akanyoosha kidole, akakizuia karibu na kioo bila kukigusa, akakipandisha na kukishusha kwa mapigo yale, kama mtu anayemfuata mwimbaji. Nje kwenye benchi watu walikohoa na kuitana namba. Daktari Mdogo alijua wanangoja. Akapunguza mwanga wa chumba zaidi kidogo, ili mama aone vizuri.